Taa ya swichi yawaka, njia moja imekatika: niliyoyakuta Kiirua

Kiirua si mahali pa mtu wa Pwani kwenda na shati la mikono mifupi. Nilifanya kosa hilo. Ukitoka mji wa Meru ukapanda upande wa Buuri, baridi inakupokea kabla ya wenyeji. Nilishuka garini katikati ya mashamba ya viazi, begi la vifaa mgongoni, meno yakigongana. Kijana aliyekuja kunipokea alinitazama, akacheka, akavua koti lake akanipa, ndipo akanisalimu: "Muga."

Kijana huyo ndiye aliyekuwa karibu kufutwa kazi.

Taasisi aliyokuwa akiifanyia kazi sitaitaja. Hakuna haja, maana yaliyotokea pale yanaweza kutokea Kilifi, Lamu, Kwale na hapa Mombasa. Ina majengo matatu yaliyoachana mita mia kadhaa: ofisi kuu, zahanati na mabweni. Seva iko ofisini, na zahanati hutuma majina ya wagonjwa na majibu ya maabara kupitia mtandao huo huo. Kwa siku nne mtandao ulikuwa ukifa na kufufuka. Wagonjwa wakawa wanaandikwa daftarini, na majibu ya maabara yanabebwa mkononi kuvuka uwanja. Siku ya pili karatasi za wagonjwa wawili wenye majina yanayofanana zikabadilishana. Alhamdulillahi, muuguzi aliligundua kosa kabla dawa haijatolewa. Hapo wakubwa wakaamka, na swali lao likawa moja: nani ameharibu?

Sasa, kijana alikuwa ameunganisha printa mpya pale zahanati siku ya Jumatatu asubuhi. Mtandao ulianguka Jumatatu hiyo jioni. Kwa wakubwa hesabu ikawa imeshafungwa.

Nilimwomba anieleze alichojaribu kabla sijafika. Alikuwa amejaribu mengi, tena kwa mpango. Swichi ya mabweni ikizimwa, ofisi na zahanati zinafanya kazi kama kawaida. Ikiwashwa tu, baada ya kama nusu dakika, taa zote za swichi tatu zinaanza kumetameta kwa pamoja kama taa za harusi, na kompyuta zinaganda. Wakasema swichi ya mabweni ni mbovu. Wakanunua nyingine ya kampuni ile ile, na bei yake si haba. Hali ikabaki vile vile. Printa ikang'olewa, hali vile vile. Lakini jina la aliyeileta printa lilikuwa limeshaandikwa kwenye barua.

"Na taa za kebo zinazounganisha majengo?" nikamuuliza.

"Zote zinawaka kijani, fundi. Nimezitazama mpaka macho yameniuma."

Hapo ndipo nilipoanza kushuku, na hapo ndipo niwaombe wasomaji tuende polepole, maana jambo lenyewe ni jepesi likielezwa kwa utaratibu.

Kebo ya faiba inayounganisha majengo mawili kwa kawaida hutumia nyuzi mbili za kioo, kila mmoja mwembamba kama unywele. Uzi mmoja unapeleka mwanga, wa pili unaleta. Hata mikonga mikubwa inayopita chini ya bahari, kama SEACOM na TEAMS iliyotua Mombasa mwaka 2009, imejengwa kwa jozi za nyuzi kwa msingi huo huo: mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi. Sasa fikiria uzi mmoja umekatika na wa pili mzima. Kila mtu amewahi kupigiwa simu ya namna hiyo. Wewe unamsikia mwenzako vizuri kabisa, "Halo? Halo? Mbona husemi?", nawe unapiga kelele mpaka majirani wanatoka nje, yeye hasikii neno. Simu haijakatika. Dakika zinahesabiwa. Lakini mazungumzo hakuna.

Kiungo cha mtandao kikiwa hivyo tunasema kina hitilafu ya njia moja. Ungedhani swichi ingeligundua hilo yenyewe, na mara nyingi hugundua. Faiba ikichomekwa moja kwa moja kwenye swichi ya kasi ya gigabiti, swichi mbili husalimiana kwanza, na upande usiopokea mwanga humjulisha mwenzake, kiungo kikafungwa pande zote mbili. Tatizo ni kwamba taasisi zetu nyingi hazichomeki faiba kwenye swichi. Zinanunua visanduku vidogo, midia konveta, vinavyopokea faiba upande mmoja na kutoa waya wa shaba upande wa pili, kwa sababu ni rahisi zaidi kuliko swichi yenye milango ya faiba. Siwalaumu, nimevifunga vingi kwa mikono yangu. Lakini visanduku vingi vya bei ya chini vina tabia moja mbaya: mwanga wa faiba ukipotea, upande wa shaba unaendelea kuiambia swichi kwamba mambo ni shwari. Taa ya swichi inawaka kijani kwa sababu kisanduku kiko hai, basi. Haijui lolote kuhusu jengo la pili.

Hata hivyo, kiungo kimoja kupoteza njia moja kingepaswa kuwaumiza wanaokitumia tu. Kwa nini mtandao mzima ulianguka? Jibu la swali hilo ndilo lililomwokoa kijana.

Majengo yale yameunganishwa kwa pembetatu: ofisi na zahanati, ofisi na mabweni, zahanati na mabweni. Aliyechora alikuwa na akili. Jembe likikata kebo moja, mawasiliano yanazunguka upande wa pili. Lakini pembetatu ni duara, na Etheneti haivumilii duara. Paketi ya intaneti hupunguziwa umri kila inapovuka ruta, mwisho ikafa. Fremu ya Etheneti haina umri. Ujumbe unaotumwa kwa wote ukiingia kwenye duara utazunguka, kila swichi ikiunakili na kuupeleka mbele, mpaka mtu ang'oe waya au umeme upotee. Ujumbe kama huo kompyuta hutuma kila mara, hata ikikaa bure.

Dawa ilipatikana mwaka 1985. Radia Perlman, mhandisi wa Kimarekani aliyekuwa kampuni ya Digital Equipment Corporation, alibuni utaratibu unaoitwa STP, ambao baadaye, mwaka 1990, ukawa sehemu ya kanuni ya IEEE 802.1D. Swichi humchagua mkuu wao. Mkuu hutuma salamu kila sekunde 2, na wenzake huzipitisha. Palipo na njia mbili za kumfikia mkuu, moja hufungwa ikawekwa akiba. Duara likavunjika bila waya kung'olewa.

Pale Kiirua mkuu ni swichi ya ofisi, na njia iliyowekwa akiba ni ile ya kati ya zahanati na mabweni. Aliyefunga mlango ni swichi ya mabweni. Ya zahanati kazi yake ni kuendelea kutuma salamu upande ule. Na hapa usinipite haraka, msomaji: mlango uliofungwa unabaki umefungwa kwa sababu moja tu, kwamba swichi inaendelea kusikia salamu zikiingia hapo. Ikikaa sekunde 20 bila kusikia kitu, inaamini upande wa pili umekufa. Inasubiri sekunde 15 ikisikiliza, na 15 nyingine ikijifunza anwani, kisha inafungua mlango. Jumla sekunde 50, na mtandao unaingia tufani.

Kwa maneno mengine, uzi uliokatika ni ule unaotoka zahanati kwenda mabweni. Swichi ya mabweni haikusikia salamu, ikadhani mwenzake hayupo, ikafungua. Uzi wa pili, wa kutoka mabweni kwenda zahanati, ulikuwa mzima. Basi ujumbe ukawa unatoka ofisini kwenda mabweni, mabweni kwenda zahanati, zahanati kurudi ofisini, na duru tena, upande mmoja tu kama gari kwenye mzunguko. Na kwa nini nusu dakika kila ilipowashwa upya? Kwa sababu swichi iliyowashwa sasa hivi haina salamu ya zamani ya kusubiri ichakae. Inakwenda moja kwa moja kwenye zile sekunde 15 na 15.

Hitilafu ilikuwa kwenye kebo ambayo hakuna aliyekuwa akiitumia! Nani angeitazama?

Bila shaka sikuyajua haya yote pale mlangoni nikiwa na koti la watu. Nilianza kwa kuunganisha kompyuta yangu na swichi ya mabweni kwa kebo ya konsoli, maana kupitia mtandao wenyewe kulikuwa hakupitiki, nikasoma hesabu za kila mlango. Swichi yoyote inayosimamiwa huweka hesabu ya fremu zilizoingia na zilizotoka. Mlango unaoelekea zahanati ulikuwa umetoa mamilioni. Zilizoingia: sifuri. Swichi mpya, yenye siku mbili tangu iwashwe, ilikuwa haijapokea hata fremu moja kutoka zahanati, na taa yake inawaka kijani kama jani la mnazi.

Nikamwita kijana aone. Akasoma, akanyamaza, akasoma tena.

Mafundi wengi hukimbilia kupiga pingi, na hapa pingi haisaidii sana. Pingi ni kwenda na kurudi. Ikishindwa, huwezi kujua imepotea ikienda au ikirudi. Hesabu za milango ya pande zote mbili ndizo zinazosema njia ipi imekufa, na hazihitaji kifaa cha kununua.

Tukasogeza kabati. Nyuma yake, juu ya kirafu, kilikuwa kile kisanduku, kimefunikwa vumbi. Kina taa mbili, ya shaba na ya faiba. Ya shaba inawaka, ya faiba imezimika. Kwa siku nne kilikuwa kikisema kweli kule nyuma na hakuna aliyekiona. Nikatoa kipima mwanga. Uzi unaotoka mabweni, tulipoupima kule zahanati, ulisoma dBm 11 chini ya sifuri, ambayo kwa umbali ule ni afya njema. Uzi unaotoka zahanati, ulipopimwa mabweni, ulikuwa chini ya 40, yaani giza.

Kebo ile ina nyuzi nne na mbili zilikuwa za akiba. Tungeweza kuhamia uzi wa akiba na kumaliza kazi, lakini kijana alitaka kujua sababu, na haki yake. Tukafuata kebo mpaka kisanduku cha maungio kwenye ukuta wa zahanati. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi karibuni. Kifuniko kilifunguliwa na mpaka rangi, kikarudishwa, na uzi mmoja ukabanwa na ukingo wake. Ulikuwa umepinda kona kali kama kiwiko, na kioo hakivumilii kona. Kupaka rangi kulikuwa lini? Jumatatu, mchana.

Mpaka rangi naye simlaumu. Nani alimwambia ndani mna nini?

Lililobaki lilikuwa kuhakikisha swichi zenyewe zitagundua siku nyingine, bila kumsubiri mtu apande basi kutoka Mombasa. Kwa hilo upo utaratibu unaoitwa UDLD. Ulibuniwa na kampuni ya Cisco, na maelezo yake yakachapishwa hadharani Aprili 2008 katika waraka wa RFC 5171, hivyo hata asiye na bidhaa zao anaweza kusoma unavyofanya kazi.

Wazo lake kila mtoto wa Kiswahili analijua. Mlango wa nyumba ukiwa wazi na taa inawaka ndani, huingii tu. Unapiga hodi, unangoja karibu. Ukipiga mara tatu kimya, unaondoka. UDLD ni hodi ya swichi. Kila baada ya muda, mara nyingi sekunde 15, kila swichi hutuma kwenye kiungo ujumbe mfupi wenye mambo mawili: "Mimi ni fulani, mlango namba fulani," na "Ninaowasikia kwenye mlango huu ni hawa." Hilo la pili ndilo lenye siri. Zahanati inausikia ujumbe wa mabweni, inatafuta jina lake kwenye orodha ya wanaosikika, halimo. Maana yake nini? Namsikia, yeye hanisikii. Basi zahanati haingoji mtu, inaufunga mlango wake, inaandika kwenye kumbukumbu kwamba kiungo kina njia moja. Mlango ukishafungwa, duara halipo. Mtandao unaendelea kwa njia mbili zilizobaki, na wagonjwa hawajui kama kulitokea kitu.

Inashangaza kidogo kwa mtu wa kawaida kwamba tiba ni kuua kiungo ambacho nusu yake ni nzima. Lakini kiungo kilichokufa kabisa STP inajua kukizunguka, ndiyo kazi yake. Kiungo cha nusu kinaidanganya.

Kuna namna mbili za kuiweka. Ya kawaida hufunga mlango ikiwa na ushahidi, kama huo wa jina kukosekana kwenye orodha. Ya pili, ya ukali, hufunga hata jirani akinyamaza tu: aliyekuwa akisikika akipotea, swichi humwita mara 8, mara moja kila sekunde, asipojibu mlango unafungwa. Mimi kwenye taasisi ndogo huanza na ya kawaida. Ya ukali ni nzuri palipo na fundi karibu, kwa sababu swichi iliyoelemewa na kazi inaweza kuchelewa kujibu, na ukafungiwa kiungo kizima usiku wa manane bila kosa.

Yapo mambo ambayo muuzaji hatakwambia. Lazima pande zote mbili ziujue utaratibu huu. Upande mmoja peke yake ni kupiga hodi kwenye nyumba ya mtu asiyejua neno karibu. Huawei na H3C wana wao unaoitwa DLDP, wenye wazo lile lile, lakini hauzungumzi na UDLD, kwa hiyo ukichanganya kampuni usidhani umelindwa. Muda nao una hesabu yake. Kwa sekunde 15 hitilafu huweza kuchukua kama sekunde 45 au zaidi kidogo kugunduliwa, na STP ya zamani hufungua mlango kwa 50. Mnapishana mlangoni. STP ya kisasa hufungua haraka zaidi ya hapo, ndiyo sababu watu huongeza kinga nyingine iitwayo lupu gadi, inayoukataza mlango wa akiba kufunguka kwa sababu tu salamu zimenyamaza. Halafu, mlango ukishafungwa na UDLD haujifungui wenyewe mpaka mtu aufungue au uweke muda wa kujaribu tena. Nawasihi msiweke huo muda kabla ya kujua uzi umekatikia wapi.

Swichi za Kiirua, zote tatu, zilikuwa na UDLD tangu kiwandani. Ilikuwa imezimwa tu. Hakuna shilingi iliyohitajika. Kama ingewashwa siku ya kwanza, Jumatatu ile kijana angekuta mstari mmoja kwenye kumbukumbu unaotaja mlango, badala ya siku nne za lawama na swichi mpya isiyokuwa na haja.

Tukaiwasha, tukapunguza muda hadi sekunde 7, tukaongeza lupu gadi kwenye mlango wa mabweni. Tukahamia uzi wa akiba. Kisha nikamwambia kijana aende zahanati auchomoe kwa makusudi uzi uleule unaokwenda mabweni. Alisita. Nikamwambia chomoa, kosa ni langu. Akachomoa, akahesabu kwa simu yake. Baada ya sekunde ishirini na kitu mlango ukafungwa, na kompyuta ya mapokezi haikuganda hata kidogo. Alirudi mbio kuvuka uwanja akinionyesha simu, kana kwamba mimi sikuwa nimeona.

Ripoti niliiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nikaweka hesabu za milango, vipimo vya mwanga na picha ya uzi uliobanwa. Mzee mkuu wa pale aliisoma polepole, akageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma.

"Kwa hiyo printa?"

"Printa haina kosa, mzee."

"Na hii swichi tuliyonunua?"

"Iwekeni akiba. Ile ya kwanza nayo ni nzima."

Akanyamaza. Hakumwomba kijana radhi mbele yangu, labda baadaye. Aliagiza chai, akamwambia kijana akae nasi. Ile barua ilikuwa mezani chini ya kitabu cha wageni. Akaichomoa, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti.

Kabla ya kuondoka tulibandika karatasi juu ya kisanduku cha maungio: ndani mna nyuzi za kioo, usifungue bila kumwita fundi. Kijana akaongeza namba yake ya simu kwa kalamu nyekundu.